Mama Usiguse na Uso wa Dada Yake

Ukitaka kumjua Mama Usiguse, nenda ukanyooshe kidole karibu na picha. Usiiguse, nyoosha tu, kama mtu anayewaonyesha wenzake ndege juu ya paa. Kidole hakijafika mbali utasikia sauti nyuma yako, nzito kuliko umbo la mwenyewe: "Usiguse!" Kuna watoto wa shule waliolia kwa sauti ile. Mheshimiwa mmoja aliyekuja kuzindua choo kipya cha wageni alirudisha mkono mfukoni kama mwizi aliyefumwa, na wasaidizi wake wote wakaanza kukagua dari. Jina likamganda hapo. Lile alilopewa na wazazi wake analijua mhasibu peke yake, na hata huyo hulisoma mara mbili kabla ya kuamini kwamba ni la mtu huyo huyo.

Yeye ni fundi wa picha katika jumba la sanaa la mkoa. Si mchoraji, ukimwita mchoraji atakupa za uso. Kazi yake ni kuzuia picha zisife. Jumba lenyewe zamani lilikuwa mahakama, na chumba cha mahabusu, kisicho na dirisha na chenye mlango wa chuma, ndicho ghala la picha sasa. Wafanyakazi hutania kwamba hakuna mahabusu aliyewahi kutunzwa humo kama wanavyotunzwa hawa. Picha zimesimamishwa wima kwenye vichanja vya mbao, kila moja na kibao chake kimefungwa kwa uzi. Kuna feni inayozunguka mchana kutwa, na kuna kipimo cha unyevu ambacho Mama Usiguse hukitupia jicho mara nyingi kuliko saa ya ukutani.

Maadui zake ni ukungu, mchwa, mende wanaokula gundi, paa linalovuja, na binadamu. Binadamu ndiye anayemchukia zaidi, maana hao wengine hawajui wanalofanya. Kabla yake palikuwa na mfagizi aliyesugua picha ya ziwa kwa sabuni ya unga mpaka ziwa likakauka. Mwingine aliona fremu inayumba, akaipigilia msumari uliopenya katikati ya paji la uso la mkuu wa mkoa wa kwanza. Mama Usiguse aliingia pale kama mkata tiketi. Sehemu ya paa ilipoanguka na kuua picha kadhaa, wakubwa walishtuka, wakampeleka mji mwingine akasomee kazi, na akarudi na koti jeupe na ulimi mkali zaidi. Husafisha kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, na mara nyingi kwa mate yake mwenyewe, kwa kuwa mate yanaondoa uchafu bila kuiudhi rangi. "Mimi nimewatemea mate wakubwa wote wa mkoa huu," hujisifu, "na wote wameng'aa."

Sasa, angekuwa mkali kwa watu wote sawasawa, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Alikuwapo mtu mmoja aliyemchukia kuliko mchwa na paa kwa pamoja, na mtu huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji huyo, kwa balaa tu, ndiye mchoraji mkubwa kuliko wote ambao mkoa ule umewahi kuwazaa. Ukuta mzima wa ukumbi mkubwa umebeba kazi zake. Kwa hiyo mwanamke huyu maisha yake yote ya kazi amekula mshahara wa kumsafishia adui yake. Amemuulia ukungu, amemzibia nyufa, amemkung'utia vumbi migongoni mwa picha, huku akimtukana kimyakimya kwa kila kijiti cha pamba. "Anajua kuchora, mbwa yule," husema, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma kuliko yote. Angekuwa hajui, picha zake zingekwisha oza na mambo yakaisha.

Katika picha hizo kuna moja ya mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha mbao, karibu na mlango wa jikoni, mikono magotini, anakutazama. Huyo ndiye dada. Wageni hupita kwenye picha nyingine wakizungumza na kutafuna karanga zao kwa siri, lakini wakifika pale hunyamaza. Mwongoza wageni mmoja alizoea kuwaambia kwamba uso ule ni "huzuni ya mwanamke." Mama Usiguse alivumilia wiki chache, kisha akamkatiza mbele ya wageni wake. "Huzuni gani? Hiyo ni hasira! Umekulia wapi wewe usiyejua mwanamke aliyekasirika?" Mwongoza wageni akahamia idara ya maji.

Siku picha ile inachorwa, yeye alikuwapo. Alikuwa bado binti, ametumwa nyumbani kwa dada yake kusaidia kufua na kulea mtoto. Jana yake shemeji alikuwa amempiga dada, wala haikuwa mara ya kwanza, na jicho la kushoto lilikuwa limevimba. Yule bwana, akishapiga, hujuta, na akijuta huchukua brashi, maana neno "nisamehe" lilikuwa zito mdomoni mwake kama jiwe. Basi asubuhi akaomba amchore mkewe. Dada alisimama mbele ya kioo akapaka poda, lakini haikufunika kitu. Akageuka, akasema: "Nichore. Lakini jicho hili usilichore. Sitaki watu nisiowajua waje kunihurumia ukutani." Akachorwa na macho mawili mazima, na hasira yake yote ndani yake. Rangi ilipokauka alifunga mzigo, akamweka mtoto mgongoni, akamshika mdogo wake mkono, wakatoka. Hakurudi tena mlango ule mpaka anaingia kaburini, miaka mingi baadaye, kwa maradhi yasiyohusiana na mtu. Picha za kamera alizowahi kupigwa zilibaki katika nyumba ile zikaliwa na mchwa. Kwa hiyo uso wa dada ulibaki mahali pamoja tu hapa duniani, kwenye turubai la picha ile, kwa mkono wa yule aliyempiga. Mama Usiguse aliutunza uso huo kama mboni ya jicho lake.

Ndipo siku moja mkurugenzi akamwita ofisini. Mkurugenzi ni mtu wa tai na sauti ya taratibu, si mjinga hata kidogo, na hilo humfanya awe wa hatari zaidi.

"Kaa, mama."

"Nikikaa utaniambia jambo baya. Sema nimesimama."

"Mzee anaumwa," mkurugenzi alisema. "Mchoraji wetu. Moyo. Anataka kutuachia picha zote zilizo nyumbani kwake. Zote, mama. Wakubwa wamesikia, na wamesema picha hizo zikija, paa jipya litakuja nazo. Tutafanya maonyesho makubwa ya kumpongeza."

"Hongera zake. Na yeye anataka nini?"

Mkurugenzi akasogeza kalamu kutoka kulia kwenda kushoto. "Kitu kidogo. Anataka kuirekebisha ile picha ya marehemu dada yako. Uso tu."

Nasikia jibu lililofuata lilimfanya karani wa chumba cha pili aache kupiga chapa.

"Picha ikishanunuliwa si ya aliyeichora," Mama Usiguse alisema. "Ukimuuzia mtu ng'ombe, unarudi kesho kumkata pembe?"

"Ni mkono ule ule uliochora, mama. Hakuna anayeharibu."

"Ni mkono ule ule, ndiyo. Mkono huo naujua kazi zake zote." Sauti ilianza kupanda. "Anataka kumchekesha dada yangu! Anaona kaburi linamwita, anataka akiondoka watu waseme aliishi na mke mwenye tabasamu. Yule si wa kurekebisha. Akarekebishe roho yake."

"Hujui anachotaka."

"Nilimjua wewe hujazaliwa."

Mkurugenzi hakukasirika. Alimwambia jambo la kweli, na la kweli huuma kuliko tusi. "Paa linavuja, mama. Ndoo zako zimejaa ghala zima. Msimu wa mvua ukiwa mbaya, ukungu utakula picha zote, na ya dada yako ikiwamo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ndiye unayetuimbia hivyo kila mkutano. Atakuja Jumatatu. Mtayarishie meza na mwanga. Sikuombi ruhusa."

Mama Usiguse alitoka bila kuaga, na mlango ulijifunga kwa kishindo. Wengine wanadai ni upepo.

Jioni alikuta mgeni nyumbani kwake. Alikuwa ni mtoto wa dada, yule aliyetoka nao akiwa mgongoni mwa mama yake siku ile, sasa mtu mzima, mwalimu, mwenye watoto wake. Yeye humwita Mama Usiguse mama mdogo, na ndiye binadamu pekee anayeweza kumpinga akabaki na masikio mawili. Mama Usiguse alipoanza kukata vitunguu jikoni, mgeni alimpokonya kisu akaanza kukata yeye.

"Nimesikia," alisema. "Baba ameniambia mwenyewe."

"Amekwambia atachora nini?"

"Hasemi. Mama mdogo, yule anakufa."

"Wote tunakufa. Dada ametangulia, na hakuna aliyempangia maonyesho."

"Sikuambii umpende. Hata mimi simpendi hivyo, nampelekea dawa tu. Ninachoomba usimtukane mbele za watu. Nina watoto, yule ni babu yao."

Mama Usiguse akampokonya kisu. "Unakata vinene," alisema. Hakuahidi kitu.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa, maana kila kitu kinasimama juu ya jambo hili. Mafundi wa picha wana sheria moja wanayoapa nayo: chochote utakachoongeza wewe, fundi wa kesho aweze kukiondoa bila kugusa cha jana. Ndiyo maana fundi akitaka kuziba pengo lililobanduka, hupaka kwanza vanishi juu ya rangi ya zamani, akaiacha ikauke, ndipo anachora juu ya vanishi. Siku ya kujuta ikifika, vanishi inalainishwa kwa spiriti, inatoka, na kila kilicho juu yake kinatoka nayo, kama utando wa maziwa. Rangi ya zamani chini inabaki salama.

Basi Ijumaa ile, watu wakiwa kwenye chai, Mama Usiguse aliiteremsha picha ukutani, akailaza mezani, na kuupaka uso wa dada yake vanishi, taratibu, kuanzia paji mpaka kidevuni. Hakumwambia mkurugenzi. Hakumwambia mlinzi. Acha aje achore tabasamu lake, aliwaza. Acha achore hata meno. Maonyesho yakiisha, mzee akienda zake, kijiti kimoja cha pamba kitamrudisha dada na hasira yake. Alifurahi, na furaha yake haikuwa nzuri; ilikuwa ya mtu aliyechimba shimo katika njia anayojua nani atapita.

Jumatatu mchoraji akaja. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani, fimbo mkono mmoja na sanduku la rangi mkono wa pili. Alisimama mlangoni mwa karakana ya fundi akavuta pumzi ndefu puani. Mama Usiguse alidhani ni ugonjwa.

"Hujambo, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Ushemeji ulikwisha alipotoka mlangoni kwako."

"Haya. Hujambo, fundi."

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Kanawe tena. Na usiegemee meza, na hiyo fimbo iweke nje, na hapo usi—"

"Usiguse," alimalizia yeye. "Nimelisikia jina lako. Ungelisema nyumbani kwangu zamani zile kwa sauti hiyo, pengine ningesikia."

Damu ilimpanda Mama Usiguse mpaka masikioni. "Nilikuwa mtoto! Nilikuwa mtoto nimejificha nyuma ya mlango na mwanao mikononi! Usinibebeshe mzigo wako!"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kweli," alisema. "Hilo nimekosea." Kisha akaomba aachwe peke yake na picha. Fundi alikataa, mzee akamtuma mlinzi kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akajibu kwamba mzee aachwe.

Mama Usiguse alikaa nje kwenye benchi refu la korido, benchi walilokuwa wakikalia washtakiwa wakisubiri kuitwa. Mlinzi alijaribu kumpa maneno mawili ya kupoza moyo, akakatwa jicho, akaenda kulinda upande mwingine. Ndani hakukuwa na sauti ila kikohozi. Kwa kila kikohozi alimwona dada yake anapanuliwa mdomo, anatiwa vishimo vya mashavu, anafanywa mke mwema. Alijikumbusha vanishi.

Jua lilipokwisha kuvuka korido, mlango ulifunguka. Mzee hakutoka. Alirudi akaketi kwenye kiti, akaweka mikono magotini. Mama Usiguse akaingia, akaenda moja kwa moja mezani.

Dada hakuwa akicheka. Mdomo ulikuwa ule ule, umefungwa vile vile. Lakini jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba nusu, zambarau katikati, manjano kidogo pembeni, kama tunda lililodondoka likagonga sakafu. Lilikuwa lenyewe. Lilikuwa ndilo lile alilolikanda kwa kitambaa na maji ya moto siku ile, mpaka ule mchubuko mdogo chini ya unyusi uliotokana na pete. Yule mbwa alikuwa anajua kuchora hadi mwisho.

"Umefanya nini?"

"Nimesema kweli," alijibu mzee.

"Alikukataza."

"Najua."

"Alikukataza mbele yangu! Katika ndoa ile yote, jambo moja tu alilokuomba ukalitimiza, na leo umekuja na sanduku lako kulivunja na hilo!"

"Miaka yote watu wanasimama mbele ya picha hii wananisifu," mzee alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Wanasema, tazama alivyompenda. Nimechoka kusifiwa, fundi. Nikifa nataka wajue nilichomfanyia."

"Wajue kwa uso wake?" Mama Usiguse aliipiga meza ile ile anayowakataza watu kuiegemea. "Yeye ndiye atundikwe ukutani jicho limevimba, watoto wa shule wamwonyeshe kidole, wamwambie maskini, na wewe uitwe msema kweli? Umempiga tena, mzee. Na safari hii hana miguu ya kuondokea."

Fundi akavuta chupa ya spiriti, akazungushia kijiti pamba, akainama. Chuki si sababu ya kuharakisha kazi. Alianza pembeni, kwenye manjano, akizungusha kijiti polepole, akitupa pamba, akichukua nyingine.

"Nilinusa vanishi tangu mlangoni," mzee alisema nyuma yake. "Mimi na vanishi mbichi tumejuana zamani. Nilijua umenitega."

Kijiti kikasimama. "Ulijua nitafuta, na bado ukachora?"

"Nilitaka angalau mtu mmoja aone kwamba ninalikumbuka."

Ningependa kukwambia kwamba hapo moyo ulilainika. Mtu mwingine angeusimulia mwisho hapo, wawili hao wakalia, wakashikana mikono. Haikuwa hivyo. Mama Usiguse alihisi hasira mpya, kubwa kuliko ya asubuhi, kwa sababu alikuwa ameelewa. Mzee yule alikuja kutubu mahali ambapo toba haimgharimu kitu: mlango umefungwa, shahidi ni mmoja, na kesho yake pamba imekwisha kufuta kila kitu. Tangu zamani ndivyo alivyokuwa akiomba radhi, kwa brashi, na mwingine ndiye aliyebaki na jicho.

"Mimi sihitaji ulikumbuke kwa niaba yangu," alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyelikanda. Ukitaka kusema, Mungu alikupa mdomo. Jumamosi kwenye maonyesho yako watakupa na kipaza sauti."

Zambarau ilitoka ikachafua pamba. Chini yake jicho zima likafumbuka kidogo kidogo, kavu, la zamani, limekasirika. Mzee alikaa akitazama mpaka mwisho. Kisha akakusanya brashi zake, akatoka, akasahau kuaga na hata fimbo yake, mlinzi akamkimbiza nayo hadi getini.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mkurugenzi alikuwa amevaa tai mpya. Alisimama mbele ya picha ya dada, akakunja uso, akasogea, akarudi nyuma, kisha akamnong'oneza fundi wake: "Mbona sioni alichobadilisha?"

"Mchoraji mkubwa hubadilisha bila kuonekana," alijibu Mama Usiguse. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, ndani ya koti lake jeupe ambalo alikataa kulivua. Mtoto wa dada alikuwa amemshika mkono, kwa mapenzi na kwa tahadhari.

Hotuba zilisomwa. Wakubwa waliahidi paa. Mwisho mchoraji akapewa kipaza sauti, na watu walisimama kumpigia makofi kabla hajatamka neno. Alisimama mbele ya picha ile, mgongo kwake, ameegemea fimbo. Alishukuru mkoa, akashukuru jumba, akawashukuru madaktari wake. Kisha akamtafuta mtu kwa macho katika umati. Mama Usiguse aliyaona macho hayo yakimfikia. Sema, aliwaza. Sema sasa.

"Na huyu hapa nyuma yangu," alisema mzee, "ni marehemu mke wangu. Alikuwa mwanamke mvumilivu sana."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alipangusa machozi. Mvumilivu! Hilo ndilo neno walilomwambia dada kila alipokimbilia kwao: kwa wajomba, kwa shangazi, kwa majirani waliosikia kila kitu kupitia ukutani wakaongeza sauti ya redio. Vumilia. Hakuna neno alilolichukia kama hilo, na sasa alikuwa anavishwa hadharani kama shada.

"Mvumilivu wa nini?"

Hakupaza sauti sana. Ile sauti yake haihitaji kupazwa. Makofi yalikatika upande wa nyuma kwanza, kisha katikati, hadi mbele. Mtoto wa dada alimbana mkono, kucha zikaingia. Mkurugenzi alikuwa bado anatabasamu, mdomo umesahau kujifunga.

"Nauliza tu," alisema Mama Usiguse. "Kuuliza si ujinga. Alikuwa mvumilivu wa nini?"

Huko mbele mzee aliangalia sakafu muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja alisogea kumpa kiti. Alikikataa kwa mkono. Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Wa ngumi zangu," alisema.

Chombo kile hakina siri; kililipeleka neno hadi kwa waliosimama nje ngazini.

"Nilikuwa ninampiga," aliendelea mzee. "Picha hii nilimchora siku moja baada ya kumpiga. Aliniambia nisichore jicho, sikulichora. Hakuvumilia. Aliondoka, na alifanya vizuri. Mnaposema picha hii ina huzuni, mnakosea. Amekasirika, na anayemkasirikia ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto wa dada aliuachia mkono wa mama yake mdogo, akafunika uso. Watu wote ukumbini walimtazama mwanamke wa ukutani, kisha wakamtazama mzee aliyesimama chini yake, kisha yeye tena, na hasira ile, iliyokuwa ikiwaangukia wageni wasio na kosa miaka yote hiyo, ikampata mwenyewe. Hakuwa na pa kujificha. Alisimama nayo pale mpaka kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwake.

Mama Usiguse alisimama mahali pake, akahakikisha ameyasikia yote mpaka neno la mwisho. Hakumsamehe.